Viti Saba vya Ndege ya Mwisho

Jumatatu, 15 Julai 1996

Kazini saa moja kasorobo. Upepo wa ziwani, mwepesi. Ndege ya Nairobi imetua saa nne na dakika kumi, imeondoka saa tano na robo. Abiria thelathini na wanane. Karatasi ya uzito nimeimaliza kwa dakika tisa.

Miaka kumi na moja kazi yangu ni hiyo. Kujumlisha watu, mizigo na mafuta, kisha kuonyesha kwa kalamu kwamba ndege haitalemea mkia wala pua. Kapteni anatia saini, anapanda, wanaondoka. Najua hesabu zote na bado sielewi uzito wote ule unavyokubali kuiacha ardhi. Leo pia nimetoka nje kuangalia. Shefu Gaspari, mkuu wetu wa kazi, ananicheka. Anasema nina macho ya mtu aliyekuja uwanjani kwa mara ya kwanza.

Mchana imeingia teleksi. Ile kampuni ya Ulaya iliyokuwa inatuletea jet kubwa mara mbili kwa wiki inatuondoa kwenye njia yake. Ndege zake zitaishia kwa jirani. Sababu: usalama. Maneno machache kabisa. Tunabaki na ndege ndogo ya mapangaboi, viti arobaini na sita, Jumatatu na Alhamisi. Wote waliokuwa wakipanda ile kubwa watakuja kujaza hii.

Alhamisi, 18 Julai

Foleni mpaka nje ya mlango. Watu wenye tiketi za ile jet wanataka kubadilishiwa. Mzee mmoja wa mtaa wa Kiriri, mtumishi mkubwa wa serikali, amegonga meza yangu kwa ufunguo wa gari. Nimemwandika tarehe 5 Agosti. Hakuna nafasi kabla ya hapo. Hata Idi, mdogo wangu, ni tarehe 5 hiyohiyo, na mimi ndiye mwenye daftari.

Idi amepata nafasi kwenye chuo cha ufundi wa umeme Nairobi. Ana miaka ishirini na mbili. Mama anafunga swaumu kila Jumatatu ili aondoke salama. Mimi sifungi, nahesabu siku.

Ijumaa, 19 Julai

Daktari wa hospitali amekuja mwenyewe. Ana mgonjwa wa kusafiri amelala. Nimemuuliza jina. Metodi, dereva wa basi.

Habari zake nilizisikia sokoni Jabe wiki iliyopita, sikuziamini. Basi lake liliviziwa huko juu, njia ya Bugarama. Risasi ilimpata mgongoni. Hakusimamisha gari. Aliteremsha basi lile kwenye kona zote za mlima, watu wamelala chini ya viti, mpaka kwenye kizuizi cha kwanza cha askari. Akavuta breki ya mkono, akazima injini, ndipo akaanguka juu ya usukani. Daktari anasema hakuna abiria aliyekufa. Anasema pia kwamba mtu mwenye jeraha lile hakupaswa kuweza kukanyaga breki hata mara moja. Amelisema hilo mara mbili, akiangalia mikono yake.

Hapa hakuna wa kumpasua uti wa mgongo. Nairobi yupo, na kitanda kitapatikana tarehe 8 Agosti. Machela ya ndege tunayo kwenye stoo, inafungwa juu ya safu tatu za upande mmoja. Viti sita. Muuguzi kiti cha saba. Nimemwandikia Alhamisi tarehe 8. Viti saba, wino mweusi.

Sikuuliza ni kabila gani. Daktari hakusema. Siku hizi hilo peke yake ni jambo la kuandika.

Alhamisi, 25 Julai

Radio imesema saa za jioni. Serikali imepinduliwa. Mipaka imefungwa, uwanja umefungwa. Ndege ya leo ilikuwa imekwisha kuondoka. Gari la kazini limeturudisha haraka. Barabara tupu, maduka yote yamefunga milango ya chuma. Mama amewasha jiko mapema, tumekula kabla ya giza. Idi anataka kutoka kusikia habari. Nimemkatalia kwa ukali, amekaa.

Naogopa. Siogopi mengi, naogopa tarehe 5 tu.

Jumatatu, 29 Julai

Uwanja umefunguliwa. Ndege imekuja, imejaa, imeondoka. Nimeiangalia ikipinda juu ya ziwa na milima ya Kongo nyuma yake, nikasema Alhamdulillahi kwa sauti. Mpakiaji mizigo ameniitikia Amina. Yeye ni Mkatoliki.

Kwenye mtaa wa tatu kutoka kwetu wamechukuliwa vijana wanne. Hakuna anayejua na nani wala kwa nini. Idi alikuwa anacheza mpira na mmoja wao.

Jumatano, 31 Julai

Marais wa nchi jirani wamekutana Arusha. Wameamua kutufungia. Biashara, mafuta, njia za nchi kavu. Tumesikiliza ofisini sote, hata wafagiaji, tumezunguka radio ya shefu. Hakuna aliyeuliza kuhusu ndege.

Ijumaa, 2 Agosti

Teleksi ya Nairobi. Ndege ya Jumatatu tarehe 5 itakuja. Baada ya hapo hakuna tena, mpaka watakapotuarifu.

Nimesoma mara ya kwanza kama dada wa Idi, nikafurahi. Atapata ile ya mwisho kabisa.

Nimesoma mara ya pili. Metodi ni tarehe 8.

Nimempigia daktari. Amesema vidonda vimeanza kuoza, homa haishuki. Akiachwa wiki tatu hivi, basi. Kuhusu kitanda, atazungumza na Nairobi wampokee mapema. Swali ni ndege.

Ndege imejaa. Majina arobaini na sita. Nimeyasoma yote kutoka juu mpaka chini kana kwamba moja lingejifuta.

Jumamosi, 3 Agosti

Shefu Gaspari ameuliza kampuni. Jibu: mwenye tiketi hashushwi kwa nguvu. Anayetaka kutoa kiti chake kwa hiari, atoe. Wakipatikana saba, mgonjwa asafiri. Wasipopatikana, basi.

Tumejaribu kuwatafuta kwa simu. Nusu hawana simu. Wengine wamehama nyumba zao tangu vurugu. Wawili waliopatikana wamekata laini.

Shefu akasema, "Zaina, tutawauliza Jumatatu hapahapa ukumbini. Utauliza wewe. Wewe unajua lugha zote tatu."

Nimeona aibu. Sikumwambia kwamba mdogo wangu yumo kwenye orodha. Anajua. Mimi ndiye sikusema.

Jumapili, 4 Agosti

Mama amepika pilau. Shangazi zetu wawili wamekuja, wamekaa mpaka saa za kutotoka nje zilipokaribia. Sanduku la Idi liko mlangoni. Nimelipima kwa mkono, kama ninavyopima kila kitu. Kilo kumi na tisa. Mama ameweka ndani mchele, kana kwamba Nairobi hakuna mchele.

Sijamwambia Idi habari za dereva. Nimejiambia anahitaji kulala. Uongo. Ninamjua.

Jumatatu, 5 Agosti

Naandika alasiri, ofisini, mlango umefungwa. Nataka niandike yote kabla sijaanza kuyapamba.

Ndege ilitua saa nne kamili. Anga safi, jua kali. Ukumbi ulijaa tangu saa mbili. Wenye tiketi na wasio na tiketi. Gari la wagonjwa lilichelewa kwenye kizuizi cha daraja, likafika saa nne na nusu, likasimama karibu na mlango wa kioo. Dereva wake alifungua milango ya nyuma ili hewa iingie. Kwa hiyo watu wote walimwona Metodi. Mtu mrefu, amekonda, macho wazi, anaangalia dari la gari. Muuguzi alikuwa anampepea kwa faili.

Nilipanda juu ya mizani ya mizigo ili nionekane. Nikasema kwa Kirundi, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili. Hii ni ndege ya mwisho. Mtu yule ndiye dereva aliyeteremsha basi kutoka Bugarama na risasi mgongoni. Anahitaji nafasi ya viti saba. Hatumlazimishi mtu. Atakayebaki, hatujui atasafiri lini.

Sikumwangalia Idi. Nilijua amesimama wapi, karibu na nguzo, na nikageuza mwili wangu wote upande mwingine.

Hakuna aliyesogea. Hata watoto. Mzee wa Kiriri mwenye ufunguo alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilifikiri: hakuna, na watakuwa na haki yao, kila mmoja ana kinachomkimbiza. Nikaona aibu na afueni kwa pamoja.

Kisha mwanamke mmoja akasimama. Namjua kwa jina tu, Mama Verediana wa Kigobe, miaka kama sabini, alikuwa anakwenda kwa binti yake ambaye hajamwona kwa miaka mitatu. Alisogea na fimbo yake mpaka mbele ya mizani. Hakunyanyua sauti.

"Mi nilikuwa mu basi ile," akasema. "Nililala chini, nikamuona mugongo yake, damu inashuka kwa kiti. Akatuambia, musiinuke, mi niko naendesha. Huyu mutu alinileta hai. Nitapanda namna gani, nimuache hapa chini? Andika kiti changu."

Nikaandika.

Masista wawili wakaangaliana, wakainuka pamoja. Wakanipa tiketi zao. Tatu. Mgiriki mwenye duka la vipuri, ambaye mkewe tayari yuko Athene na kila wiki alikuwa ananisumbua kwa simu, akatupa mkono hewani kama anayefukuza nzi. "Mi niko hapa tangu nizaliwe," akasema. "Mwezi moja tena itaniua?" Nne. Kisha mume na mke, vijana, wamefunga ndoa juzi. Mke ndiye aliyesimama. Mume akamvuta kidogo kwa mkono wa gauni, kisha akaacha, akasimama naye. Sita.

Sita. Nikangoja. Nikasema tena kwa Kirundi, kimebaki kimoja. Nikasema tena kwa Kifaransa. Kiswahili nilikiacha. Mungu anisamehe, nilikiacha makusudi, ingawa Idi anaelewa zote tatu.

Akaja. Sanduku mkononi.

"Apana," nikamwambia. "We rudi nyuma."

"Dada, umesema saba."

"Idi, nakuomba. Mama—"

"Mama nitamuambia mimi. Andika."

Sikuweza. Nilishika kalamu tu. Shefu Gaspari alinyoosha mkono kuichukua, na hapo ndipo nilipoandika, kwa sababu sikutaka mtu mwingine alikate jina lile. Nikapiga mstari juu ya jina la mdogo wangu. Mstari mmoja, kwa rula.

Baada ya hapo kazi. Mafundi walilaza viti, wakafunga machela. Machela, chupa ya oksijeni, muuguzi, vyote nyuma. Mkia ukazidi. Niliomba mizigo mikubwa ihamishiwe pua, nikakokotoa upya, mkia bado, nikahamisha abiria wanne mbele, ikakaa. Dakika kumi na nne. Sijawahi kukokotoa hesabu huku machozi yanaingia mdomoni. Hesabu ilikuwa sahihi. Nimeirudia alasiri hii, ni sahihi.

Wakambeba. Walipopita ukumbini, Mama Verediana aliweka kiganja juu ya paji la uso la Metodi, akamnong'oneza neno moja, sikulisikia. Metodi akafumba macho.

Kapteni alisoma karatasi yangu. Akauliza kwa nini majina saba yamekatwa. Nikamweleza. Hakusaini mara moja. Alitoka nje ya ndege, akavuka lami peke yake mpaka ukumbini, akawapa mkono wote saba, mmoja mmoja. Alipofika kwa Idi aliondoa kofia. Kisha akarudi, akasaini, wakafunga mlango.

Wale saba walitoka kwenye baraza kuangalia. Nami nilisimama nao. Ndege ilikwenda mpaka mwisho, ikageuka, ikaanza kukimbia. Ilipita mbele yetu, pua ikainuka, magurudumu yakaiacha ardhi kwa utaratibu, kana kwamba haikuwa na uzito wowote. Nilijua kila kilo iliyokuwa ndani yake. Nilikuwa nimeiandika mwenyewe.

Subhanallah. Nimesema hivyo maisha yangu yote kwa mambo madogo. Leo nimelisema na kulielewa.

Ikapinda juu ya maji. Ikawa nukta. Sauti yake iliendelea kidogo baada ya yenyewe kutoonekana, halafu nayo ikaisha. Mmoja wa masista alikuwa amemshika Idi bega, kama mtoto wake.

Jumanne, 6 Agosti

Jana Mama alilifungua sanduku la Idi, akatoa mchele, akaurudisha kwenye debe. Leo asubuhi amemwambia Idi anyoe nywele.

Mimi sizungumzi na Idi. Nina hasira inayoniuma meno. Aliyeoza mgongo simjui, mdogo wangu namjua. Wakija kumchukua, nitamlaumu nani? Nitajilaumu mimi niliyepanda mizani nikasema kwa lugha nzuri.

Na wakati huohuo kila nikimwona anapita uani na ndoo, najiambia: yule ametoka katika nyumba hii? Tumelala mkeka mmoja, tumegombea sahani moja. Alijifunza wapi?

Alhamisi, 8 Agosti

Hakuna ndege. Nimekwenda kazini, nimeandika tarehe juu ya karatasi ya uzito, nimeiacha tupu.

Mama Verediana amekuja na gari la mkwewe kurudishiwa sanduku lake, lilisahaulika kwenye mizani. Nikamuuliza kama anajuta. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. Akauliza, najutia nini? Hakuwa anajionyesha. Hakuelewa swali.

Jumatatu, 12 Agosti

Risasi kuelekea Kamenge, asubuhi nzima. Idi alikuwa ametoka kununua mkaa. Kwa saa mbili na nusu nimesimama mlangoni pamoja na Mama. Akarudi kwa uchochoro wa nyuma, mkaa begani. Nimemkumbatia mbele ya majirani, mkaa ukanichafua gauni la kazi. Nilikuwa sijasema naye siku saba.

Amesema, "Dada, mi pia niliogopa. Hata siku ile."

Nilidhani hakuogopa. Kwa nini hilo linanifanya nimwone mkubwa zaidi, sijui.

Ijumaa, 30 Agosti

Shefu Gaspari amempatia Idi kazi ya muda. Fundi mmoja wa taa za njia ya kurukia alikuwa Nairobi ndege ziliposimama, amekwama huko. Taa lazima ziwe tayari hata bila ndege. Idi anakwenda nasi kwa gari la kazini, ana kitambulisho cha uwanja, anarudi nasi. Vizuizini wanampungia mkono. Mama amefunga tena Jumatatu, safari hii kwa shukrani.

Jumanne, 17 Septemba

Barua. Imekuja kwa mikono minne, Nairobi mpaka Kigoma, Kigoma kwa mashua mpaka ng'ambo, kisha kwa mfanyabiashara wa samaki. Ya muuguzi, kwa daktari, na daktari ameniletea niisome. Walimpasua Metodi usiku uleule waliofika. Risasi imetolewa. Mguu wa kulia unajua ukiguswa. Wa kushoto bado. Amekaa kitini kwa robo saa na akauliza kama basi lake limepona.

Daktari alicheka, kisha akaingia chooni akakaa sana.

Nimemsomea Idi wakati wa chakula cha mchana. Akasema vizuri. Akaendelea kula. Baadaye nikamkuta nyuma ya jenereta, amekaa chini, uso kwenye magoti. Sikumsogelea.

Jumapili, 6 Oktoba

Zamu ya Jumapili. Watu wa mnara wameturuhusu, mimi na Idi, kutembea kwenye njia ya kurukia kuangalia taa zilizoungua. Miaka kumi na moja naitumia kwenye hesabu zangu, sijawahi kuikanyaga.

Ni pana kuliko nilivyodhani. Namba zilizochorwa mwisho wake ni ndefu kuliko nyumba yetu. Tulitembea katikati, kwenye mstari mweupe. Lami imejaa michirizi myeusi ya mpira pale magurudumu yanapogusa. Michirizi mingi mno, mmoja juu ya mwingine. Idi alipiga magoti mahali pamoja kubadilisha balbu, mimi nikamshikia kifuniko cha kioo.

Mvua za kwanza zimeosha hewa, milima ya ng'ambo iko karibu kama ukuta. Majani yameanza kuota pembeni. Upande wa mto Rusizi kiboko alikoroma mara moja, akanyamaza.

Taa nne zimebadilishwa. Mbili hazina balbu. Tumerudi kwa miguu, polepole. Kila mahali pametulia.